Muwindaji Mwenye Kupe Balimukatala

Bon, cheka kwanza, umalize. Batu yote banachekaka. Lakini hii niliona na macho yangu mbili, na bila ile siku singekuwa hapa ya kukusumbua.

Ilikuwa wakati ya ba Belges, bazungu ya ukoloni. Nilitumikia profesa moja hapa Kisangani, muzungu wa université ya kwao, mwenye maisha yake yote ilikuwa kusoma magonjwa ya nyama ya pori: damu ya makako, ile tumbili, minyoo ya nguruwe, kupe ya kila kitu. Mimi masomo niliacha katikati. Mwalimu alifurahi kunipita mimi mwenyewe. Kazi yangu? Kupasua matumbo, kutafuta minyoo. Ku quartier, mu mtaa yetu, baliniita Papa Minyoo. Desturi yetu: profesa anakamata damu na maini, nyama inabaki ya siye batumishi.

Siku moja mimi na chauffeur tulitoka na kamyo, lori ya kazi, njia ya Bafwasende. Jua inataka kuingia, moteur ikapata moto, chauffeur akasimama aipoze. Nikaona muwindaji moja anatoka mu pori, sikio moja imekatika, mboloko ya kufa ku shingo. Mboloko, ile kaswala kadogo, na pondu, majani ya muhogo! Bibi yangu alikuwa ametoka kuzaa, alililia nyama.

"Kamata, tonton," akasema. "Bure. Lakini peleka kwa muzungu yako. Usikule."

Usikule! Kuambia mimi! Nikaiweka ku bega. Pale pale kupe bakanipanda: shingo, kwapa, mpaka fasi siwezi kutaja. Nyama ikipoa, kupe banahamia damu ya moto. Ile niliijua, ilikuwa kazi yangu. Sasa yeye aliibeba tangu wapi? Nikaangalia kifua yake. Hata kupe moja hakuna. Hata mbu.

"Papa, kupe banakukatala?" nikacheka.

"Banatafuta damu ya moto," akajibu pole pole. "Mimi sina tena."

"We Papa Minyoo, unasema na nani?" chauffeur akapiga kelele. Kugeuka, kurudisha macho: njia tupu. Niamini, niliruka mu kamyo na mboloko ku bega.

Mboloko nikaiacha ku kazi. Ku nyumba bibi alikuwa ameisha kutia mafuta ku nyungu.

"Minyoo unaleta kila siku, nyama moja inakushinda?"

Tukalala njaa, na matusi juu.

Asubui profesa aliangalia damu mu mikroskopi, akaruka. "Nani alikula?" Hakuna. Akakaa chini, alikuwa mweupe kuliko siku zote. Ugonjwa ile, alisema, inaua mutu mwenye kula, na nyumba yake yote. Alinipiga sindano, akachoma mboloko na petroli.

Nikaelezea profesa ile mutu ya njiani, tukarudia kule naye. Nikauliza ku mugini habari ya mutu wa sikio ya kukatika. Mama moja akashika mulango.

"Ni mutoto yangu. Tulimuzika juma ilipita. Aliokota mboloko imekufa mu pori, akakula."

Ndani bandugu yake balikuwa balilala, mwili moto. Profesa alibapiga sindano. Bote balipona.

Mutoto yetu tulimupa jina ya ule muwindaji. Mpaka leo, nikipita pale, natosha kofia ku kichwa, nasema merci papa. Chauffeurs banacheka. Bacheke.

Na wewe, ukikuta nyama imelala mu pori, hakuna mutu aliiua, usifurahi. Iache. Siyo kila siku mufu atasimama njiani kukuambia.