Sikio la Mama Fidélie wa Manika

Miaka haipigi mbio. Hutambaa, na katika kutambaa kwake hugeuza kila kitu. Mama Fidélie Kankolongo alipoletwa Manika akiwa bi harusi kutoka Sandoa, palipo leo na mashimo ya shaba palikuwa na vichuguu na miti. Milima ikashushwa, malori yakaongezeka, mapadri wakaja na kuhamishwa, waume wakazikwa, na wa kwake alikuwa miongoni mwao. Yeye akabaki katika safu ya mbele ya kwaya ya parokia, akiifanya kazi moja tu. Kwaya ile haikuwa na kinanda. Kabla ya kila wimbo Mama Fidélie alifumba macho, akavumisha sauti moja kwa midomo iliyofungwa, na waimbaji wote wakazipanga sauti zao juu yake kama waashi wanavyopanga matofali juu ya msingi.

Ikatokea kwaya kualikwa Kinshasa, kwenye tamasha la nyimbo za ibada. Juma lile la safari, vumbi la malori lilikuwa limempa Mama Fidélie mafua mazito. Angeweza kubaki nyumbani, lakini nani angetoa sauti? Akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ilipoanza kushuka, alilishika sikio la kushoto kwa viganja vyote viwili.

"Mama, tafuna bombo," Tharcisse, kiongozi wa kwaya, akamwambia huku akimpa peremende. "Masikio itafunguka."

"Ntaitafuna na nini, tata? Meno ilibakia Manika!"

Wakacheka, naye akacheka pamoja nao, huku kitu kikipasuka ndani ya sikio lake.

Jioni ile jukwaani akavumisha sauti, nayo ikawa juu kupita kiasi. Sikio moja lilimwambia hivi, la pili likamwambia vile, naye akaliamini lililo gonjwa. Wenye sauti nyembamba walilia kama watu wanaozama. Wenye sauti nzito wakapotea njia. Wasikilizaji walipiga makofi ya adabu, na Tharcisse akasema ni uchovu wa safari. Ndege ya kurudi ikamaliza kilichosalia. Muuguzi alimwambia kwamba ngoma ya sikio imechanika. Lakini usaha ulipokauka na maumivu kuisha, Mama Fidélie akadhani amepona.

Nani angethubutu kumweleza kwamba sauti yake bado ilikuwa juu mno? Nusu ya waimbaji aliwafundisha yeye tangu utotoni. Basi wakapatana kimyakimya kumfuata popote atakapokwenda. Jumapili baada ya Jumapili walipanda pamoja naye hadi makoo yakawauma, kisha wakamshukuru.

Hata mdogo wake Benoît akaugua ugonjwa usio na marudio. Alimshika dada yake mkono pale kitandani.

"Yaya, siku ya kunizika, wimbo uanzishe weye. Sitaki mwingine."

"Ntakuanzishia, mudogo wangu."

Siku hiyo ikafika. Makaburini Mama Fidélie alifumba macho, akavumisha. Kwaya ikamfuata, na katika mstari wa pili sauti zikaanza kukatika. Walikuwapo pia watani wa ukoo wake, watu wenye ruhusa ya kufanya mzaha hata mbele ya jeneza. Mmoja wao, mzee Kabemba, alikuwa amejilaza ndani ya kaburi akidai apewe bia ndipo atoke. Akainua kichwa.

"Mama Fidélie! Ndeke ya Kinshasa ilishukaka zamani, sauti yako ingali kule juu! Benoît atakufuata namna gani? Hana tike ya ndeke!"

Waombolezaji wakacheka, kama desturi inavyotaka. Kwaya haikucheka. Kutocheka kwao ndiko kulikomfumbua macho.

Akamgeukia Tharcisse. "Ni kweli?"

Tharcisse aliinamisha kichwa.

"Tangu Kinshasa?"

"Tuliogopa kukuumiza, mama."

"Mi ni mama yenu, hapana yai."

Akalitazama jeneza. Ahadi ilikuwa yake, na kama angeendelea, hakuna ambaye angemzuia. Wangempandia tena hadi makoo yapasuke. Akamwita binti yake Joyeuse kutoka safu ya pili.

"Anzisha weye."

"Mama, mujomba alikuomba weye!"

"Aliomba wimbo umufikishe. Anzisha."

Joyeuse akavumisha, kwa sauti iliyotetemeka kwanza, kisha ikasimama imara. Kwaya ikatulia juu yake. Mama Fidélie alisimama kando ya jeneza, kinywa kimefungwa. Wimbo wa mdogo wake ulimpitia, naye hakuweza hata kutambua kama umekaa sawa. Ikambidi azitazame nyuso za waimbaji. Humo akasoma kwamba ulikuwa sawa, na hapo ndipo alipolia.

Mungu aliyelifinyanga sikio, asiyehitaji sauti ili amsikie mja wake, amfariji Mama Fidélie katika ukimya wake. Amlaze Benoît mahali pa raha, aliongoze koo la Joyeuse, na awabariki wote watakaozaliwa katika nyumba ile, kizazi hata kizazi. Amina.