Nyonga ya binti yangu iliteleza, wao wanatibu goti

Wakuu, hamjambo. Niko Voi, haya yamenipata mimi mwenyewe na hasira bado iko.

Subira iliisha siku clinical officer wa hospitali ya karibu alimwandikia Wakesho wangu, miaka kumi na tatu, dawa ya maumivu mara ya tatu bila kumgusa. Macho kwa simu.

"Mama Wakesho, mtoto ni mzito. Punguza chapati, apande mlima, goti litazoea."

Nikasimama. "Inuka kwa hicho kiti umshike mguu! Ama unangoja mguu ukufuate hapo?"

Watu kwa line wakacheka. Mimi sikucheka.

Mlima alikuwa amepanda. Kwetu milimani, Werugha, ukiumwa mguu unaambiwa tembea ulegee. Likizo yote nyanyake alimpandisha na kumshusha matuta ya kabeji, jioni anamkanda goti. Mguu ukaanza kuangalia nje kama wa bata.

Nikampeleka hospitali nyingine. Daktari, msichana mdogo tu, akamlaza, akakunja goti kuelekea kifuani. Paja likapinda nje lenyewe. Akaitisha X-ray ya nyonga.

"Nani alisema ni goti?"

Nikamtolea zile karatasi tatu za dawa.

Kumbe mtoto akiwa anakua, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza pale mfupa unapokulia, na uchungu usikike gotini. Watoto wazito ndio hupatwa zaidi. So huo uzito wa chapati ulifaa umfanye yule jamaa ashuku nyonga, si kututania!

"Asikanyage chini tena, hata kwenda choo."

Tukapelekwa Mombasa, wakampasua wakaweka skrubu kwenye mfupa. Inazuia kichwa cha mfupa kisizidi kuteleza, hairudishi kilichokwisha teleza. Sasa anatembelea magongo, mguu mmoja mfupi, na nyonga ya pili inaangaliwa.

Sasa sikieni. Yule jamaa ni wa kanisa letu. Wazee wakaja kwangu: "Mama Wakesho, haya tuyamalize nyumbani. Utamharibia mtoto wa watu kazi?"

"Na huyu wangu ni wa nani?"

Chai yao ikapoa.

Wazazi, mtoto akichechemea akilia goti, dai nyonga ipimwe, hata wakuite mama kelele. Kama yamekupata, andika hapo chini, nitasoma zote.

Jana nimepeleka malalamiko rasmi kwa ofisi ya afya ya kaunti. Nimeandika sitaki kuombwa msamaha, nataka kila mtoto anayechechemea ashikwe nyonga kwanza.

Pale pa jina la mlalamishi, Wakesho aliegemeza magongo kwa meza, akaandika lake.