Moshi wa udi katika chumba cha dawa

Ijumaa asubuhi, mtaa wa Azaiba, Maskati, Oman. Proscovia Nakalanzi anatoka jikoni na chetezo mkononi. Makaa yamekolea, na juu yake ametia ubani na vipande viwili vya udi. Anaanza na sebule, anaingia chumba cha wageni, kisha anarudi ukumbini, ambako nguo za Ijumaa za mwenye nyumba zimetandazwa juu ya kijumba cha fito. Anakisukuma chetezo chini yake na kusubiri moshi upande polepole.

“Umefunga dirisha, Kovia?” inauliza sauti kutoka chumbani. “Moshi ukitoka nje tutakuwa tumefukiza nini, barabara?”

“Nshafunga, Bibi!”

“Na la jikoni?”

“Na la jikoni, Bibi. Hata inzi hatoki.”

Mwenye sauti ndiye mwenye nyumba, Bibi Nasriya, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Maskati angali msichana. Jina la Proscovia lilimshinda tangu siku ya kwanza, akalikata, akabaki na Kovia. Ndiye aliyemfundisha kufukiza, kwamba madirisha yafungwe, makaa yasiwe na moto wa kuruka, na moshi uachwe ukae mpaka ushike kwenye kitambaa.

Somo hilo Proscovia alilishika barabara. Na ndilo nusura limpoteze.

Maana huyu mtumishi wa ndani, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ana biashara nyingine kwao Uganda, katika wilaya ya Mpigi. Yeye na wanawake wenzake watano wanamiliki chumba cha kuoteshea bangi ya dawa, ile inayosafirishwa kwenda kwenye viwanda vya dawa nchi za nje.

Wazo lilitoka kwa kaka yake, Mayanja, ambaye ni fundi umeme. Miaka miwili iliyopita alipata kibarua cha kutandaza nyaya katika kampuni moja yenye leseni ya kulima zao hilo. Kampuni ilikuwa na ardhi, uzio na walinzi, lakini ilitaka vikundi vya watu vijenge vyumba vyao humo ndani, vioteshe, na yenyewe inunue.

Mayanja alimpigia dada yake simu. Proscovia alidhani amelewa.

“Nilimuuliza, umekunywa nini leo?” anasimulia. “Mimi nipo nchi ambayo ukikutwa na jani moja tu, kwenu watakusahau sura. Na wewe unaniambia bangi kwenye simu, kwa sauti, kama unaniambia mahindi!”

Kaka yake hakuchoka. Alimtumia picha za leseni, za geti, za walinzi. Alimweleza kwamba miti hiyo haioni jua, bali hukaa ndani ya kuta nene zisizopitisha joto, chini ya taa kali, na viyoyozi vikivuma mchana na usiku.

Hapo ndipo Proscovia alipoanza kusikiliza vizuri. Nyumba iliyofungwa, inayopozwa kwa mashine wakati nje kunawaka, hiyo aliijua. Anaishi ndani yake.

Aliwatafuta wenzake, wote wanawake waliowahi kufanya kazi za ndani Ghuba. Wengine walikuwa wamesharudi, na mmoja alikuwa bado kazini Maskati. Wakachanga. Mshahara wa Proscovia ni rial mia na kumi kwa mwezi, na anasema zaidi ya nusu yake huenda kwenye umeme wa chumba hicho.

“Watu wanadhani kazi kubwa ni kupanda,” anasema. “Kazi kubwa ni umeme. Ukikatika, jenereta lisipowaka, umekwisha.”

Mavuno ya kwanza yalikwenda vizuri mpaka siku yenyewe ya kuvuna. Maua yalikatwa, yakatundikwa katika chumba kidogo cha kukaushia. Kilichobaki kilikuwa kusubiri yakauke, yapimwe, yachukuliwe.

Siku chache kabla, mwenzao mmoja, Nakimuli, alikuwa amerudi nyumbani kutoka Maskati. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na kifurushi alichopewa na Proscovia, ubani wa Dhofar na udi, vilivyotoka mikononi mwa Bibi Nasriya mwenyewe. Bibi aliambiwa kuwa msichana wake amefungua biashara ya maua ya dawa. Akafurahi, akausomea ubani huo dua.

“Biashara mpya haifunguliwi mikono mitupu,” alisema Bibi siku hiyo. “Wakafukize, ipate baraka.”

Basi ikawa Jumapili, hakuna mtu wa kampuni kazini isipokuwa walinzi. Wanawake walikusanyika, mmoja akapika, mwingine akaomba. Nakimuli akawasha makaa. Proscovia alikuwa pamoja nao kwa simu ya video, amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba huku Azaiba.

“Mimi ndiye niliyesema wafunge mlango,” anasema bila kuficha uso. “Nikasema pitisha chini ya maua, taratibu, usikimbie. Nikasema zima feni, moshi ushike. Na ukashika.”

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kosa. Wote walikuwa wamefanya hivyo miaka mingi katika nyumba za watu, kila Ijumaa, kila mgeni anapokuja, kila mtoto anapozaliwa. Harufu nzuri ndiyo iliyokuwa alama kwamba nyumba ni safi.

Kesho yake mkaguzi wa kampuni alifungua mlango wa chumba cha kukaushia. Mayanja anasema mama yule hakuingia hata hatua moja. Alisimama, akavuta pumzi, akaufunga tena. Kisha akauliza kwa upole, “Nani amekufa humu?”

Vipimo vilirudi na majibu mabaya. Maua yalikuwa yamebeba moshi, na dawa ya mgonjwa haitakiwi kubeba kitu kingine chochote. Mzigo wote ukateketezwa mbele yao.

Kampuni iliwapa nafasi moja tu zaidi. Mavuno ya pili yakikataliwa, chumba kitapewa kikundi kingine kilichokuwa kikisubiri nje ya geti. Kuta, taa, mabomba, vyote vimefungwa kwenye sakafu ya kampuni. Wangetoka mikono mitupu.

Proscovia alikaa na habari hiyo siku mbili. Siku ya tatu alikuwa jikoni na Bibi Nasriya, wanachambua mchele, Bibi akauliza habari za maua.

“Ubani wangu umefanya kazi?”

Proscovia akaanza kulia juu ya sinia.

“Ubani umeharibu, Bibi. Wamekataa mzigo wote. Wanasema una moshi.”

“Ubani uharibu?” Bibi alishangaa. “Ubani tunautafuna! Maji yake tunakunywa tumbo likiuma! Maua gani hayo yasiyopenda harufu nzuri?”

Proscovia anasema angeweza kutaja waridi, angeweza kutaja asumini. Lakini alikuwa amechoka kudanganya.

“Bangi, Bibi. Ya hospitali.”

Mkono wa Bibi ulisimama katikati ya mchele.

“Bangi,” alirudia taratibu. “Mimi, Nasriya, nimetoa ubani wangu wa Dhofar, niliouficha hata wanangu wasiuone. Nikausomea na dua. Ukenda ukafukiziwa bangi!”

“Nisamehe, Bibi.”

“Nyamaza. Nna hasira, usinichekeshe.”

Bibi akamwita Ghaliya, binti yake, mfamasia katika hospitali moja ya mjini. Alikuja jioni, akamsikiliza Proscovia mpaka mwisho. Akamweleza mama yake kwamba katika nchi nyingine zipo dawa zinazotengenezwa kwa mmea huo, za wagonjwa wa kifafa na wa saratani. Kisha akamgeukia Proscovia.

“Huko kwenu una karatasi, sawa. Hapa huna. Ndani ya simu yako mna nini?”

Mlikuwa na picha, nyingi. Alizifuta palepale mezani, moja moja, wao wakimtazama.

Bibi Nasriya ndiye aliyetoa hukumu. Proscovia anaikumbuka neno kwa neno, maana alijua kazi yake imening'inia hapo, na bila kazi hiyo hakuna umeme, na bila umeme hakuna mavuno ya pili.

“Simfukuzi mtu kwa kusema kweli,” alisema Bibi. “Lakini picha ya mti huo isiingie tena ndani ya kuta zangu. Wala jina lake. Sauti ruhusa. Picha, hapana.”

Kwa hiyo mavuno ya pili Proscovia aliyasimamia kwa masikio.

Si kazi rahisi, hasa ukiwa na kaka kama Mayanja, ambaye kila akiulizwa hali ya miti hujibu neno moja, “Ipo.” Wanazungumza Kiganda, na kwa wiki za mwanzo walizungumza kwa ugomvi.

“Ipo vipi?” dada anauliza.

“Ipo tu. Ya kijani.”

“Kijani cha nini? Cha mchicha mbichi au uliokwishapikwa?”

“Uliopikwa. Lakini haujakaa sana jikoni.”

“Majani yametazama wapi?”

“Chini kidogo. Kama mtoto aliyenyimwa chai.”

“Basi umeyazidishia maji, Mayanja!”

Hivyo ndivyo walivyoendelea, kwa lugha ya jikoni. Naye Bibi Nasriya, aliyekuwa akipita ukumbini na mkongojo wake, akaanza kusimama mlangoni. Kiganda hakijui, lakini ugomvi anaujua.

“Anasemaje kaka yako?”

“Anasema maua yanakua, Bibi.”

“Mwambie akae mbali na jiko. Hata karafuu zetu hazikuanikwa kwenye moshi, nyinyi mlijifunza wapi?”

“Kwako, Bibi.”

“Ee, nifunge jela mimi sasa!” Bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

Huko Mpigi wanawake walisugua chumba cha kukaushia kuanzia dari mpaka sakafu. Walipaka rangi upya na kubadilisha vichujio vya hewa. Nakimuli aliacha kabisa kujipaka manukato, hata ya kwendea kanisani, na mumewe akaanza kumuuliza maswali.

Majibu ya mavuno ya pili yalifika siku ya Jumanne, wakati Proscovia akiosha ua. Alifunga bomba, akaweka simu sikioni. Mayanja, ambaye siku zote hana maneno, siku hiyo alikuwa akiongea bila kupumua, mpaka dada yake akamwomba aanze upya.

Mzigo ulikuwa umekubaliwa. Wote.

“Nilikaa juu ya ndoo,” anasema Proscovia. “Ndoo ilikuwa na maji. Sikujali.”

Mzigo huo umesafirishwa kwa ndege mwezi uliopita, ukiwa mdogo kuliko walivyotarajia. Malipo yameanza kurudisha walichochanga, bado hayajaanza kuwatajirisha. Proscovia anasema hivyo kwa sauti ileile anayotumia kutaja bei ya vitunguu.

Sasa kampuni imeweka sharti jipya. Inataka mmoja wa wenye chumba akae pale kila siku, asimamie usafi, akague kila anayeingia. Kikundi hakikubishana. Kimemchagua Proscovia, na Mayanja anataka aje mara moja.

Bibi Nasriya hakumzuia. Ghaliya, anayesimamia mkataba wake, amekubali kuumaliza mapema na kumkatia tiketi. Lakini Proscovia ameomba abaki mpaka baada ya Idi.

Sababu yake ni Bibi. Magoti yamechoka, na tangu ateleze mwaka jana hainuki kitini wala hasimami kwa sala bila mkono wa mtu. Msichana mpya ameshapatikana, Mganda mwenzake, ila bado anamshika Bibi kama anayeshika yai. Bibi naye anamkaripia, msichana anatetemeka, na wote wawili wanayumba.

Mayanja hakupendezwa. “Chumba ni chako,” alimwambia kwenye simu. “Huyo bibi si wako.”

“Nikamjibu, chumba kimekaa mwaka mzima na nusu bila mimi,” anasema. “Kina kuta, hakianguki. Bibi anaanguka.”

Kwa hiyo kila siku, kazi zikipungua, anamsimamisha msichana mpya ukumbini na kumwonyesha mahali pa kuweka mkono: chini ya kwapa, wala si kiwikoni, na mguu wako utangulie. Bibi ameketi kitini, anasubiri kufanyiwa majaribio, na hachoki kutoa maoni.

“Usinivute, mwanangu. Mimi si gunia.”

“Samahani, Bibi.”

“Na usiombe samahani. Nyanyua.”

Baada ya Idi Proscovia atapanda ndege. Ana mpango wa kulala kwa mama yake usiku mmoja, kisha alfajiri aende Mpigi na basi la kwanza. Akifika getini atafanya kama wote: ataoga kwa sabuni isiyo na harufu, atafunga nywele, atavaa koti jeupe na viatu vya humo ndani.

Anachotaka zaidi, anasema, si cheo wala mlango wa kusimamia. Chumba hicho alikichangia kila mwezi, akakiharibu, akakitengeneza, na mpaka leo hajakikanyaga. Mavuno yaliyowaokoa hakuyaona hata kwa picha.

“Mayanja ameniambia ya kijani, ameniambia yametazama chini, ameniambia yana unga kama wa mhogo,” anasema, akikichukua tena chetezo. “Mimi nimesadiki tu. Siku hiyo nikiingia, asiniambie kitu. Anyamaze, nitazame.”