Kadi Isiyobebeka Kichwani

Hotpoti ndizo zilizonichosha. Nina duka la vyombo Chamazi, na kila msimu wa harusi ukiisha walikuwa wananijia mabibi harusi na hotpoti nne, tano, zote za aina moja, wakitaka niwabadilishie. Huyu kazawadiwa pasi tatu, yule hana hata upawa. Ukikataa, unaambiwa una roho mbaya. Ukikubali, duka linajaa maboksi yaliyokwisha kufunguliwa.

Kwa hiyo nilipochapisha kadi za zawadi niliona nimepata dawa. Mgeni analipa, anapewa kadi, bibi harusi anakuja mwenyewe kuchagua anachokosa. Mimi napata fedha kabla bidhaa haijatoka rafuni, na napata mteja mpya ambaye akishaingia hataishia kwenye kadi peke yake, ataongezea na za mfukoni. Maduka makubwa ya mjini yanafanya hivyo. Kwa nini kwetu ishindikane?

Ikashindikana. Kwanza, Dar hii ukimnyooshea mtu kadi anajua unamwomba mchango wa harusi. Wateja walirudi nyuma kabla sijafungua mdomo. Waliobaki kunisikiliza wakauliza swali lile lile: "Sasa hii nitachezaje nayo?" Maana kwenye kicheni pati, sherehe ya kina mama ya kumpa bibi harusi vyombo, zawadi haikabidhiwi kimyakimya. Unaingia nayo ukumbini ukicheza, sufuria kichwani, vigelegele vinapigwa, na kila mtu anaona umeleta nini. Mteja mmoja alinunua kadi, halafu akaomba nimwazime seti ya sufuria za kuchezea tu. Nikamwazima, mjinga mimi. Moja ilirudi imebonyea.

Basi binti wa kaka yangu alipofanyiwa kicheni pati, Mbezi Beach huko, niliamua kuonyesha mfano. Kadi niliijazia fedha nzuri, kuliko wengi waliobeba maboksi. Nikaingia na bahasha. MC akanisimamisha katikati ya ukumbi.

"Shangazi, mzigo uko wapi?"

"Uko humu ndani."

"Jamani, shangazi kaja na barua!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mama mkwe wa binti, meza ya mbele, hakucheka. Alinitazama tu, akageuka kuangalia zawadi inayofuata. Nilirudi kukaa nimevimba kwa hasira, nikaapa kwamba binti huyu asipokuja kununua kwa kadi ile, watu wakaona faida yake, nazichoma zote zilizobaki.

Harusi ikapita, hakuja. Nikimpigia simu, "Nakuja, shangazi." Wiki zinapita. Nilimkasirikia kuliko hata yule MC, kwa sababu MC hanijui, huyu nimembeba mgongoni.

Asubuhi moja akaingia, peke yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Leo ndo umekumbuka? Haya, chagua, duka lako hili."

Hakugusa kitu. Alikaa kwenye stuli, macho yakiwa barabarani. Nikamuuliza kama vyombo vya kicheni pati vimemtosha mpaka anadharau vyangu.

"Viko kwa mama mkwe, chumbani kwake. Siku ile aliviona vyote vikichezwa. Kasema nyumba ni moja, akafungia, ufunguo anao yeye. Hata sufuria naombaga."

"Na mumeo?"

"Anasema nimwache mama yake."

Nilitamani kufunga duka muda ule ule niende kwa huyo mkwe wake nikavunje mlango. Binti akatoa kadi kutoka kwenye pindo la khanga.

"Hii hajui kama ipo. Alidhani barua kweli. Shangazi, inaisha muda?"

Inaisha. Niliambiwa niweke tarehe ya mwisho, kwa kuwa kadi isiyotumika ni faida tupu ya duka. Ilikuwa imebakiza siku chache. Nilichukua kalamu nikaikata ile tarehe, nikakata tena mpaka karatasi ikakwaruzika, nikapiga mhuri juu yake.

"Haiishi. Sasa chukua unachotaka."

"Sio leo. Leo nikichukua nitakipeleka wapi?" Akaikunja khanga, kadi ikapotea. Mlangoni akasimama, akatazama rafu ya chini. "Zile sufuria ndogo usiuze zikaisha. Na sahani. Nikishapata chumba, nitachukua sahani moja."

"Moja?"

"Moja itanitosha, shangazi."