Kaseti ya Mrekodi

Mchuuzi wa vyombo vya mtumba alimwendea mzee mrekodi kaseti akijua hana wateja tena, maana watu wote walikwisha kuhamia muziki wa kwenye simu. Lakini mashine yake ya kurekodia, vijana wa mtandaoni wanaokusanya vitu vya zamani wangeigombania. Mzee aliendelea na kazi yake. Alizungusha kaseti kwa kalamu, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati kama anayemfuta mtoto kamasi.

"Niijaribu, mzee wangu, nisije nikauziwa kopo," mchuuzi alitania. Akachomeka kaseti ile aliyoiweka mzee mezani, akabonyeza kitufe cha kurekodi, na wakaendelea kuvutana bei.

"Hiyo bei kamwambie mkweo!" mzee alisema.

"Mkwe wangu hanunui makopo!"

Walipoirudisha nyuma ili wasikilize, mzee alishtuka. Kaseti za wateja alizivunja kijino cha nyuma, mtu asiweze kurekodi juu yake na kuzifuta. Hii ya marehemu bintiye akiimba hakuivunja, kwa kuwa haikuwa ikiguswa na mtu mwingine. Sasa binti hakusikika. Walisikika wao wawili na makopo yao.

"Chukua mashine," mzee alisema. "Bei yako ile ile."

Mchuuzi, kwa mazoea, akaipunguza kidogo. Mzee akaitikia kwa kichwa.