Mzinga Aliopewa Ndung'u

Jumamosi moja, miezi michache kabla hatujaondoka Kenya, mashine ya kusaga unga ya Mama Ndung'u ilikataa kuzunguka. Ilikuwa katika kibanda cha mabati mbele ya nyumba yao, Makongeni, Thika. Wanawake watano walikuwa wameketi kwenye benchi na mahindi yao. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Gitothua, pale Ruiru, kumtembelea Ndung'u. Tulikuwa tumesoma shule moja ya upili na kulala kitanda kimoja cha ghorofa kwa miaka minne, yeye juu, mimi chini.

Niliinama nikaisikiliza mota, nikaigusa kwa kiganja.

"Bering ya nyuma imekufa," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Ndung'u akachukua spana, akafungua, akabadilisha. Mashine ikanguruma na wanawake wakapiga makofi.

"Huyu kijana ana mkono," mmoja akasema.

"Na huyu mwenzake je?" akauliza mwingine.

"Karanja?" Ndung'u akasema huku akijifuta grisi. "Huyo ni wa kunishikia tochi."

Watu wote wakacheka, na mimi pia. Ulikuwa mzaha tu, na jioni hiyohiyo tulikula chakula sahani moja. Lakini mzaha huo nilikwenda nao nyumbani, na baadaye nikavuka nao bahari.

Sote wawili tulipata nafasi ya kusomea uhandisi nchini Ukraine, katika mji ulioko mashariki, karibu na mpaka. Tulikuwa mwaka wa tatu vita vilipoanza. Wanafunzi wengi wa kigeni walipanda treni kuelekea magharibi, na walifanya vyema. Ndung'u alikataa. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akitupikia supu wakati wa baridi, hakuwa na mtu wa kumbeba hadi kituoni. Ndung'u akabaki kumwangalia, kisha akabaki kubeba wengine, kisha akajiandikisha jeshini.

Mimi nilijiandikisha siku iliyofuata. Ningependa kukuambia kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya nchi ile iliyovamiwa, na ni kweli niliipenda. Lakini sababu ya kwanza ilikuwa kwamba sikutaka Ndung'u arudi Thika na hadithi ambayo mimi sina.

Acha nieleze vita vya mizinga vilivyo, maana watu wengi niliokutana nao huku nyumbani hudhani ni kurusha tu. Anayefyatua mzinga haoni anachokipiga. Mwenye droni, aliye mbali, ndiye anayeona na kutuma namba, na wewe unageuza namba hizo kuwa mwelekeo na kiasi cha baruti. Upande wa pili nao wana droni zao, na wana mitambo inayoweza kujua kombora limetoka wapi. Kwa hiyo unauficha mzinga kwenye mstari wa miti kati ya mashamba. Ukiitwa, unautoa hadi mahali pa wazi, unapiga, kisha unaondoka kabla hujajibiwa. Hapo kwenye wazi kila dakika ni mali ya adui.

Mizinga yetu ya mwanzo ilikuwa mikongwe, iliyotengenezwa kabla wazazi wetu hawajaoana, na makombora yake yalikuwa yakiisha. Kuna asubuhi ambapo tulipewa makombora matano ya kutumia hadi jua lizame, huku adui akitupiga bila kupumzika. Ndipo nchi nyingine zikaanza kuleta silaha zao. Roketi zao zilipita juu yetu kutoka nyuma kwa sauti kama ya mtu anayechana shuka refu, na kila zilipofika kwenye maghala ya adui, tulipata siku mbili tatu za utulivu. Niliwaonea wivu hata wale waliokuwa kwenye lori za roketi. Walikuwa mbali, safi, na wakifyatua, kitu kinafika.

Kamanda wetu, Bohdan, alikuwa mtu mrefu asiyepandisha sauti. Adui alikuwa akisikiliza redio zetu, na siku moja Bohdan alitukuta mimi na Ndung'u tukibishana kwa Kikuyu.

"Nani mwingine hapa anajua lugha hiyo?" akauliza.

"Labda Mungu," Ndung'u akamjibu.

Tangu siku hiyo kila mmoja wetu aliwekwa kwenye kikosi chake na redio mkononi, na habari za vikosi viwili zikapita kwa lugha ya mama zetu. Makombora tuliyaita waru, yaani viazi. Droni ya adui ilikuwa hungu, yule ndege anyakuaye vifaranga. Ukituambia "hungu juu ya shamba lako," hatukuhitaji maelezo zaidi.

Kisha ukaja mzinga mpya kutoka nje. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, na sisi wawili tu ndio tuliokisoma bila kukwama. Tangu kidato cha kwanza nilikuwa nimemshinda Ndung'u Kiingereza na hesabu kila muhula. Nilijua ni wangu. Nilinyoa ndevu asubuhi ya siku ya kuukabidhi.

Bohdan akampa Ndung'u.

"Buda, usinune," Ndung'u akaniambia. "Siku moja nitakuacha uuguse."

"Hongera," nikasema.

"Aii, hiyo hongera umeitoa na koleo."

Nilirudi kwenye mkongwe wangu, ambao mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kupigwa nyundo. Kutoka nilipokuwa niliweza kuuona ule mpya ukitoka mitini, mrefu, rangi haijachubuka, na wanaume wakimzunguka Ndung'u kama alivyozungukwa na wanawake wa Makongeni. Wivu una kazi ya ajabu. Wangu ulinifanya niwe mwanafunzi bora. Niliazima kile kitabu, nikakinakili karibu chote kwenye daftari. Niliusoma mzinga wa mwenzangu usiku na mchana kama mtu anayesoma barua za mchumba wa mtu mwingine.

Ndivyo nilivyogundua jambo ambalo wengi hawakulijua. Misaada ilitoka nchi nyingi. Makombora yalikuwa ya unene mmoja na yaliingia kwenye mzinga uleule, lakini mifuko ya baruti ya nchi moja haikuwa na nguvu sawa na ya nchi nyingine. Mfuko namba tatu wa huku ulikaribia namba nne wa kule. Ukichanganya, kombora linapita lengo, au linawaangukia watu wako walio mbele. Nilitengeneza jedwali la kulinganisha, ukurasa mmoja, kwa penseli. Nilimwonyesha Ndung'u mara moja.

"Karanja, hii ni dhahabu," akasema. "Ninakilie."

Nikamwambia nitamnakilia. Wiki mbili zikapita na sikumnakilia. Lilikuwa jedwali langu. Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho lazima akiombe.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mwembamba ulioondoka mapema. Askari wetu wa miguu walikuwa wamebanwa katika kijiji kilicho mbele, na wakaita msaada. Ndung'u na wenzake watatu wakautoa mzinga hadi mahali pa wazi. Niliwaona kwa darubini.

Redio ikaita. Tuliongea Kikuyu, ila nitayaandika kwa Kiswahili.

"Karanja, hizi waru zimekuja na mifuko mingine. Maandishi siyaelewi. Mstari ni mwekundu, namba tatu. Kwetu ni ngapi?"

Nilijua jibu. Daftari lilikuwa gotini kwangu, na ukurasa ulikuwa umefunguka.

"Si wewe ndiye fundi?" nikamwambia.

"Acha mchezo."

"Kitabu unacho. Angalia."

"Kitabu hakina. Wewe ndiye unalo jedwali."

Sikujibu. Nilibonyeza kitufe nikakiachia, ili asikie kwamba niko pale na ninaweza kusema. Nilitaka aniombe. Nilitaka, mara hii moja, watu waliomzunguka wajue anamngojea nani.

Akaita tena. Nikatazama saa. Sijui kwa nini niliitazama, lakini ndiyo sababu leo najua zilikuwa dakika ngapi.

Zilikuwa nne.

"Tafadhali, Karanja," akasema. Hakuwa amekasirika. "Vijana wa kule mbele wanaisha."

Nikampa. "Punguza moja. Tumia namba mbili, na uongeze pembe kidogo." Nikamsomea tarakimu.

"Asante, ndugu yangu."

Akapiga mara tatu. Yote matatu yalifika. Mwenye droni alishangilia kwenye redio nyingine.

Nikawaona wakianza kuukunja mzinga.

Kisha nikaiona hungu. Ndogo, nyeupe, juu kabisa.

"Ndung'u, hungu," nikaita. "Hungu juu ya shamba lako. Acheni mzinga, kimbieni."

"Tunamalizia."

"Kimbieni."

Kombora la kwanza lilianguka nyuma yao, shambani.

La pili lilikata miti.

La tatu sikulisikia, maana nilikuwa nikiita jina lake.

Wawili walitoka wakiwa hai. Ndung'u alizikwa nchini kule, katika mji ule tuliosoma, na yule bibi wa supu alifika na maua. Mzinga ulivutwa, ukatengenezwa, na baada ya siku kumi ukarudi. Bohdan alinijia akaniambia sasa ni wangu.

"Ungenipa tangu mwanzo," nikasema. Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka, rafiki yangu akiwa hana hata wiki mbili kaburini.

Bohdan akanitazama. "Mzinga unaweza kuendeshwa na mtu yeyote mwenye mikono mizuri," akasema. "Upande wa pili wa redio nilihitaji mtu mtulivu, mwenye hesabu. Nilimuuliza Ndung'u nani. Akasema wewe, hata sikumaliza swali."

Niliutumia mzinga ule kwa miezi mitano. Jedwali langu nililinakili kwa mkono na kuwapa vikosi vyote vya jirani. Mkataba ulipokwisha, nikarudi nyumbani Ruiru.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kufika Makongeni, mwendo usiofika hata saa moja kutoka kwetu. Mama Ndung'u alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akanimiminia chai. Sebuleni kulikuwa na picha kubwa ya Ndung'u akiwa amesimama mbele ya ule mzinga. Watu wa kanisa walikuwa wameiwekea fremu. Nitasema ukweli: hata hapo, kitu kidogo kilinichoma. Hakuna mtu aliyewahi kunipiga picha na mkongwe wangu.

"Alikuwa akinipigia simu anakutaja kila mara," Mama Ndung'u akasema. "Ati Karanja ndiye akili, yeye ni mikono tu. Tena akasema, mimi nikifa, mama, usilie sana, Karanja atarudi. Nikamwambia funga mdomo."

Nilikuwa nimepanga kusema maneno ya kawaida, kwamba alikuwa shujaa na hakuteseka. Badala yake nikamweleza kama nilivyokueleza wewe: mifuko ya baruti, daftari, swali lake, jibu langu. Nilieleza polepole, maana nilitaka aelewe kila hatua na asije akanisamehe kwa kukosa kuelewa.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa nje, mahali pa kuonekana."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Dakika ngapi?"

"Nne."

Akageuka akatazama saa ya ukutani. "Basi tukae hizo," akasema.

Tukakaa. Niliusikia mkono wa sekunde. Mwanamke alipita nje akimwita mtoto wake aoge. Chai yangu ikaota utando. Niliona jasho kwenye mdomo wa juu wa Mama Ndung'u, na niliona picha, na nikataka sana kusema neno lolote. Nilidhani zimekwisha. Nikatazama saa: dakika moja na nusu.

Zilipotimia, akapumua.

"Ni ndefu," akasema.

"Ni ndefu, mama."

"Sijui kama ungemjibu angeishi."

"Hata mimi sijui." Na sijui hadi leo. Droni ingeweza kuwaona vilevile. Wangeweza kukwama wakiukunja. Nimepiga hesabu hizo kwa kila njia ninayoijua, na kila mara zinabaki zile dakika nne ambazo hakuna adui aliyezichukua. Nilizichukua mimi.

Akasimama akaimwaga chai yangu iliyopoa, akanimiminia nyingine.

"Tangu mkiwa wadogo nilikuwa naona unavyomwangalia," akasema. "Nikadhani ni mambo ya watoto, yataisha. Yeye hakuwahi kuona. Mimi niliona nikanyamaza." Akanisukumia kikombe. "Kunywa. Halafu uende nyumbani. Usirudi mwezi huu. Nitakupigia simu nikiweza kukuangalia."

Nilikunywa chai yote, nikaondoka. Alinipigia baada ya miezi saba.

Nilipokea kabla haijalia mara ya pili.