Bibi Alikata Mikia

Rafiki yangu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliniomba kitu kimoja tu. Tulisoma pamoja mpaka tukamaliza kidato cha nne. Yeye alitoka Kongo akiwa mdogo, na sasa familia yake imepata nafasi, wanahamia Kanada. Akanipigia simu: "Weye dada, nisukie kikapu ya kwenu, yenye kifuniko. Nikifika kule kwa baridi nitatia mikono ndani, nisikie joto ya Turkana."

Walikuwa wanaondoka Alhamisi, baada ya wiki tatu. Nikajiambia wiki tatu ni nyingi sana.

Bibi yangu anasuka vikapu hapa Kanamkemer tangu kabla mama yangu azaliwe. Alinipa majani ya mkoma yaliyolowekwa, na msumari wake wa kutobolea, ule wenye mpini uliolainika kama mfupa. Nikakaa mlangoni. Kazi yenyewe ni kuzungusha tu. Unatoboa, unapitisha jani, unavuta, unazunguka. Ukizunguka sana unaanza kupotea. Upepo wa saa nane unapita na vumbi, mbuzi kwa mbali wanakuwa kama wanatembea juu ya maji, na kile kitako cha kikapu kinazunguka mbele yangu kama kisima kidogo, mimi naanguka ndani pole pole. Naona meza ya huko Kanada. Naona watu wamekizunguka wanauliza nani alisuka hiki. Naona rafiki yangu anajibu, na jina langu bado liko mdomoni mwake.

Halafu naamka, naangalia, mzunguko wa tatu umepinda. Nafumua.

Si nilitaka kinyooke! Mtu akienda mbali hivyo, atakukumbuka na nini? Na kitu kilichopinda?

"Leo umefika wapi?" bibi anauliza jioni.

"Mwanzo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe ni kama kuku anakwaruza chini. Kila siku kazi, na shimo ni lile lile."

Nilikasirika, na kesho yake nikafumua tena, juu ya hasira. Kitu sikujua ni kwamba jani la mkoma linachoka. Ukilifumua mara tatu, nne, kwa jua letu hili, linakauka, halikubali kukunjwa. Jumatatu ya wiki ya mwisho nilivuta, likakatika. Nikavuta lingine, likakatika pia. Nikakitupa kikapu uani na nikalia kama mtoto, maana nilikuwa nimebaki na siku mbili na kitako peke yake.

Bibi alikiokota. Akaniwekea majani mapya kwa beseni, akakaa karibu yangu na kisu chake.

"Suka."

Nikasuka mzunguko mmoja. Kabla niinamishe kichwa nikague, yeye alishika ile mikia ya majani inayobaki nje, akaikata fupi kabisa. Hapo hata ukifumua, jani halitoshi tena kusukwa.

"Bibi! Bado sijaangalia!"

"Ndiyo maana nakata sasa."

"Lakini vyako vimenyooka vyote."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu chake cha zamani anachowekea unga. Nimekiona maisha yangu yote. Akachukua kidole changu akakipitisha ubavuni, mahali kimevimba upande mmoja.

"Hapa uchungu wa kumzaa mama yako ulinianza," akasema. "Nilirudi kusuka baada ya siku nne. Ningefumua, ningekumbuka aje?"

Tukasuka hivyo, yeye na kisu, mimi na msumari. Sikumbuki vizuri hizo siku mbili. Nakumbuka harufu ya mvua ambayo haikufika, na sauti ya kisu, kras, kras.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Kakuma akiwa amekaa juu ya mabegi, na mabasi yao yameshapangwa. Nikampa kikapu bila kumwangalia. Akaweka kifuniko, kikalala upande.

"Eh! Hii kifuniko inalala kama mulevi!" Akacheka na machozi. Halafu akapitisha kidole kwa mzunguko, akakisimamisha palipopinda. "Hapa ulikuwa unawaza nini?"

Nikamwambia. Hapo ni Jumanne, upepo ulileta harufu ya mvua, nikakumbuka siku tulitoka shule mto umejaa, tukakaa ng'ambo mpaka jioni tukila koma, matunda ya huu huu mkoma.

"Na hapa?"

Hapo nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu anaenda.

"Na hapa?"

Kidole kikawa kinazunguka, mimi naongea, watu wanapita na masanduku. Kisha yeye na familia yake wakaitwa wapande basi. Tulikuwa tumebakisha mizunguko miwili ya kusimulia, na kifuniko.